Skonzi, Baiskeli na Kitanzi

Ukumbi wa wazee ninapofanya kazi una viti kumi na viwili na televisheni moja, na hiyo televisheni ndiyo chanzo cha nusu ya magomvi yetu. Asubuhi wapo wanaotaka taarifa ya habari na wapo wasiotaka hata kuisikia. Jioni kuna mpira. Lakini mchana, sahani zikishaondolewa na vidonge vikishamezwa, BBC One wakiweka Father Brown, iwe sehemu mpya au marudio ya mara ya sita, ukumbi mzima unatulia kwa dakika kama tano. Halafu maoni yanaanza.

Mimi ni mhudumu wa wazee, Oxford, mwaka wa tisa huu. Majina ya wazee wangu siyaandiki. Kazi hairuhusu, na hata ingeruhusu nisingeyaandika. Hapa kila mtu anaitwa kwa jina lake la kwanza hata akiwa na miaka tisini, na mpaka leo ulimi wangu unasita. Mtu wa umri wa bibi yangu nimwite jina tupu, kama namwita mtoto ashuke mwembeni! Kwa hiyo mdomoni nawaita wanavyotaka, moyoni nawaita ninavyotaka mimi: kuna Mwalimu, kuna Mzee Posta, kuna Bibi Sweta, kuna Bibi Taipureta.

Kwa ambaye hajakiona: kipindi kilianza Januari 2013. Padre Mkatoliki mwenye kanzu nyeusi, kofia pana, mwavuli na baiskeli, anaishi katika kijiji cha kubuni kiitwacho Kembleford, Uingereza ya miaka ya 1950. Mtu anauawa, inspekta anamkamata asiyehusika, Padre anaanza kuuliza vimaswali vyake vya upole mpaka mwenye kosa anajianika mwenyewe. Anayemwigiza ni Mark Williams, yule baba wa akina Weasley katika filamu za Harry Potter. Damu ni ya kupaka kidogo tu, mauti yanakuja kabla ya chai, na kabla ya saa kuisha dunia imerudi mahali pake.

Mwalimu alifundisha fasihi sekondari, na ndiye mpinzani mkuu wa kipindi. Hakosi kukitazama hata siku moja. Lalamiko lake analianza alama za mwanzo zinapotokea: katika hadithi za G. K. Chesterton, ambazo ya kwanza ilitoka mwaka 1910, huyu padre ni kijitu kifupi cha mviringo ambaye ukipishana naye kwenye treni humkumbuki. Leo yuko Essex, kesho yuko Paris, hana kijiji kimoja cha kumalizia visa vyote. Televisheni wakamrefusha, wakamhamishia miaka ya 1950, wakampa mama wa parokia, bibi tajiri na dereva mwenye mkono mwepesi. “Wamechukua jina na mwavuli,” husema Mwalimu, “vilivyobaki wamevitupa.”

Ana hoja. Lakini ni Mwalimu huyohuyo aliyenisimulia jambo lililonifanya nikipende kipindi zaidi. Chesterton alikuwa na rafiki, Padre John O'Connor, wa huko Yorkshire. Siku moja walikuwa wakitembea, padre akamgusia mambo ya uovu wa binadamu, na Chesterton, mwandishi mzima wa magazeti ya London, akashtuka kuona jinsi mtu huyu mpole anavyoyajua maovu kuliko yeye. Baadaye nyumbani walimofikia, vijana wawili wa chuo kikuu wakazungumza na padre, na alipotoka wakasema ni mtu mzuri, ila wale wanaojifungia na sala hawaujui ulimwengu. Chesterton nusura aangue kicheko. Hapo ndipo Father Brown alipozaliwa, na mwaka 1922 ni O'Connor huyohuyo aliyempokea Chesterton katika Kanisa Katoliki.

Mimi niliyekulia Kilema, parokia ya mlimani Kilimanjaro, nikipanga foleni ya kitubio Jumamosi jioni na akina mama wa shambani, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mtu anayekaa ndani ya kile kisanduku miaka thelathini anajua mambo ambayo polisi wa wilaya nzima hawayajui. Tena hana wa kumwambia.

Mzee Posta yeye hana habari na Chesterton. Alipeleka barua kwa baiskeli, kisha kwa gari, maisha yake yote ya kazi, na macho yake yanaangalia vitu tu: sanduku la barua, taa ya baiskeli, kola ya sare. Gari likipita anataja mwaka wake kabla halijafika mwisho wa kioo. Kubwa linalomkera ni jua. Kila siku Kembleford ni jua, nyasi zinang'aa, watu wako bustanini na kofia za majani. Sababu ni ya kawaida, wanapiga picha miezi ya joto. Lakini Mzee Posta amelowa mvua ya Julai ya nchi hii miaka mingi mno kuweza kusamehe. “Ule mwavuli,” aliniuliza siku moja kwa uchungu wa kweli, “umeshawahi kumwona akiufungua kwa kazi yake?”

Nilipiga hesabu kichwani. Sikumbuki.

Sasa Bibi Sweta, anayesuka tangu Januari sweta ya mjukuu ambaye kwa sasa lazima ameshaipita kimo. Yeye ugomvi wake ni skonzi. Mrs McCarthy, karani wa parokia, anasifika Kembleford nzima kwa skonzi za stroberi. (Msifikirie skonzi zetu za dukani, zile za kuchovya chai. Hizi ni ngumu kidogo, zinapasuliwa katikati na kupakwa jemu na krimu mpaka unaona haya.) Bibi Sweta anauliza: sukari hiyo imetoka wapi? Siagi hiyo imetoka wapi? Vita viliisha mwaka 1945, lakini mgawo wa chakula Uingereza haukuisha navyo. Sukari iliachiwa Septemba 1953, siagi Mei 1954, nyama Julai mwaka huohuo. Mama yake alikuwa na kitabu cha mgawo, na Bibi Sweta anakumbuka peremende zilipoachiwa Februari 1953, watoto walivyomiminika dukani na sarafu zimelowa jasho viganjani.

Haya nilikuwa nayasikiliza kama hadithi za watu wengine mpaka Mama alipokuja.

Mama alinitembelea kutoka Moshi kiangazi cha 2023. Mkubwa wangu wa kazi akakubali aje mchana mmoja kuwasalimia wazee. Akaja na kitenge chake kipya, akapeana mikono na kila mtu kuanzia mlangoni, wengine mara mbili, akaketi kando ya Bibi Sweta. Kembleford ikaanza. Mimi nikawa mkalimani. Mama aliangalia robo saa bila neno, mtu wa kwanza akafa, halafu akanigeukia: “Kijiji hiki kila wiki wanakufa?” Nikamwambia ndiyo, miaka kumi sasa. “Na hakuna anayehama?” Nilipotafsiri, Mzee Posta alicheka mpaka nikamletea maji.

Swali lake la pili lilikuwa zito zaidi. “Huyu Padre anaadhimisha Misa saa ngapi?” Kwa kweli. Padre wetu wa Kilema alikuwa na vigango vya kuzungukia, wagonjwa wa kupaka mafuta, mashamba ya misheni, shule, na bado mnamgombania kubariki nyumba. Huyu wa Kembleford anapata wapi siku nzima ya kuzunguka na baiskeli akichunguza vikombe vya sumu? Lakini Mrs McCarthy alimpita Mama bila maelezo. Alipomwona tu, na kimkoba chake mkononi, akisema hapendi umbeya kisha akamwaga umbeya wote, Mama akasema: “Huyu ni mwenyekiti wa WAWATA,” yaani umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania. Sijawahi kusikia uchambuzi mfupi na sahihi kuliko huo.

Na Padre alipobariki maiti kwa maneno mawili matatu ya Kilatini, Mama aliitikia. Kwa sauti. Kazaliwa mwaka 1953, Misa za utoto wake zilikuwa za Kilatini mpaka mabadiliko ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani yalipofika mlimani. Wazee wa ukumbini wote ni Waanglikana au si chochote. Walimwangalia mwanamke huyu wa Kilimanjaro akijibu televisheni kwa Kilatini kwa heshima ambayo mimi, na vyeti vyangu vyote vya uuguzi wa wazee, sijawahi kuipata.

Lakini kilichowaunganisha ni mgawo. Nilipomtafsiria malalamiko ya Bibi Sweta kuhusu sukari, Mama akaweka kikombe chini. Akaanza kueleza miaka ya mwanzo ya themanini Moshi: foleni ya duka la ushirika toka alfajiri, sukari kilo moja kwa kaya, sabuni ya kukata kwa uzi, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Bibi Sweta akaacha kusuka. Akauliza kama nao walikuwa wakificha. Mama akasema kila mtu alificha, hata waliokuwa wakihubiri watu wasifiche. Basi wanawake wawili wakaendelea kushindana nani alikunywa chai chungu zaidi, na mimi katikati natafsiri kama niko Umoja wa Mataifa, hata sikujua nani alimuua nani siku ile.

Jumapili iliyofuata tulipanda treni hadi Moreton-in-Marsh, kisha teksi hadi Blockley, kijiji halisi kinachovaa sura ya Kembleford. Mama alitaka kuliona kanisa la Padre. Mawe ya eneo hilo, Cotswolds, ni ya rangi ya asali kweli, televisheni haijadanganya hapo, na ndiyo, siku hiyo jua liliwaka, Mzee Posta anisamehe. Tukaingia kanisani. Mama akanyoosha kidole kutafuta maji ya baraka mlangoni. Hakuna. Akatafuta taa nyekundu ya Sakramenti. Hakuna. Akanitazama kana kwamba nimempeleka nyumba siyo.

Nikamweleza. Kanisa hili ni la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo, la Kianglikana. Watu wa televisheni hulivalisha Ukatoliki wakati wa kupiga picha, kisha huuvua. Makanisa ya zamani ya vijiji vya hapa yalijengwa na Wakatoliki, lakini Mfalme Henry wa Nane alipoachana na Roma mwaka 1534 yakaenda upande wa pili pamoja na viti na kengele. Mama akaliangalia dari muda mrefu. “Kumbe lilikuwa letu,” akasema, akapiga magoti pale pale, akasali rozari nzima katika kanisa la Waanglikana, polepole, kama mtu aliyefika kwa shangazi aliyeolewa dini nyingine.

Hili la kanisa ni lalamiko la watazamaji wengi, na mimi niko upande wao. Padre Mkatoliki mwenye kanisa kubwa la mawe katikati ya kijiji cha Gloucestershire mwaka 1953, kijiji kizima kikijaa kwenye viti vyake! Angekuwa na kijikanisa cha matofali pembeni mwa mji, waumini wake ni Waairishi na Wapolandi waliobaki baada ya vita. Tena kipindi chenyewe kinalijua hilo, kwani Mrs McCarthy ni Mwairishi, na katika mfululizo wa kwanza kulikuwa na Susie, mfanyakazi wa ndani, Mpolandi. Nilisikitika walipomwondoa Susie. Mgeni anayefagia nyumba za watu huona mengi, na mimi nadhani mnajua kwa nini nasema hivyo.

Ugomvi wa Lady Felicia na Bunty nitaupita haraka, maana ukumbini tuna vyama viwili na kila kimoja kina wazee wa kuheshimiwa. Lady Felicia, yule mke wa tajiri mwenye kofia na mapenzi ya pembeni, aliondoka mwaka 2017 kumfuata mumewe aliyepangiwa kazi ya serikali Rhodesia. Akaja Bunty, kijana zaidi, gari la kasi zaidi. Mimi ni wa chama cha Felicia. Lakini nakiri, siku ile walipotaja Rhodesia nilikaa wima kwenye kiti. Ndivyo Afrika inavyoingia Kembleford: kama mlango wa nyuma wa kumtolea mhusika. Katika miaka hiyo ya Kembleford Mama anatambaa uani Kilema, bibi yangu anachuma kahawa, na gavana wa Tanganyika ni Twining. Sidai watuonyeshe. Nasema tu nilikaa wima.

Wapo pia mainspekta. Valentine, Sullivan, Mallory. Wazee huwapanga kwa ubora kama makipa wa timu ya taifa. Mallory ndiye anayedharauliwa zaidi, mkali, hana adabu. Nami ndiye ninayempenda, kwa sababu ya kitoto kabisa: ndiye anayemwita Father Brown “Padre”. Anasema kwa kejeli, najua. Lakini mtu akiwa mbali na nyumbani huokota neno lake hata likiwa limetupwa chini.

Lalamiko ambalo halina chama, ambalo wote hukubaliana, ni kwamba mainspekta hawa ni wajinga. Kila mara wanamkamata mtu asiye. Mwalimu huliita uvivu wa waandishi. Na mimi niliamini hivyo, mpaka siku moja ya mvua mwezi wa kumi na moja.

Walikuwa wamerudia sehemu ya kwanza kabisa, ile ya nyundo. Asiyetaka kujua mwisho aruke aya hii. Imetokana na hadithi ya Chesterton mwenyewe: mtu mwovu anapasuliwa kichwa kwa nyundo ndogo, kwa nguvu ambayo ni ya mhunzi peke yake, na kumbe nyundo iliangushwa kutoka juu kanisani, na aliyeiangusha ni ndugu yake, mchungaji. Katika hadithi Padre anamgundua, halafu hamkabidhi kwa polisi. Anamwachia aende mwenyewe. Naye anaenda.

Mzee Posta akasema, kama kawaida, vizuri, wamnyonge. Anasemaga hivyo kila sehemu inapoisha, ni kama “amina” yake. Bibi Taipureta, ambaye karibu hasemi, akajibu bila kugeuka: “Walimnyonga kweli, unajua.”

Hakuwa anamzungumzia mchungaji wa nyundo. Mwaka 1955 alikuwa na miaka kumi na minane, mpiga chapa katika ofisi moja London, wasichana ishirini chumba kimoja. Jumatano, tarehe 13 Julai, walikuwa wanamnyonga Ruth Ellis katika gereza la Holloway, saa tatu asubuhi. Alimpiga risasi mpenzi wake. Alikuwa na umri wa miaka 28, ana watoto wawili. Ilipokaribia saa tatu, alisema Bibi Taipureta, taipureta zikaanza kunyamaza moja moja, hakuna aliyeamrisha. Mpaka saa ya ukutani ilipogonga, chumba kizima kimya. Kisha msimamizi akakohoa, na wakaendelea. Barua aliyokuwa akiipiga ilihusu bei ya mazulia.

Ruth Ellis alikuwa mwanamke wa mwisho kunyongwa nchi hii. Hakuna aliyejua siku ile kwamba ni wa mwisho.

Nilirudi nyumbani nikakisoma kile kipindi upya kichwani. Hadi mwaka 1957 karibu kila mtu mzima aliyekutwa na hatia ya mauaji hapa alihukumiwa kifo. Hakimu hakuwa na hukumu nyingine mkononi. Waliendelea kunyonga hadi Agosti 1964. Kwa hiyo kila pingu inapofungwa pale Kembleford, chini ya jua lile, karibu na zile skonzi, kamba ipo. Kamera inaondoka kabla hatujaiona. Na yule inspekta mjinga anayemkamata asiye siyo uvivu wa waandishi hata kidogo. Machi 1950 walimnyonga Timothy Evans kwa kifo cha mtoto wake. Miaka mitatu baadaye ikajulikana kwamba jirani wa nyumba ileile, John Christie, alikuwa muuaji wa wanawake wengi na akiwaficha humohumo. Evans alisamehewa rasmi mwaka 1966, akiwa kaburini miaka kumi na sita. Hakuwa na padre wa baiskeli.

Na ndiyo maana Father Brown anaharakisha vile, na anapomwona mwenye kosa haulizi kwanza alivyofanya bali kama anatubu. Watazamaji wengi huona hapo mahubiri yameingia, wanaenda kuchemsha maji. Mwalimu huenda chooni kabisa. Lakini yule mtu akishahukumiwa ana kama wiki tatu za kuishi, jamani. Hilo ndilo swali pekee lililobaki la maana kumuuliza.

Sisemi tena ukumbini kwamba kipindi hiki ni cha kubembelezea usingizi, ingawa wanalala, hasa upande wa dirishani.

Nilimsimulia Mama kwa simu habari za Ruth Ellis na zile taipureta. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Wiki mbili baadaye akanitumia ujumbe: ameweka nia ya Misa parokiani, ya marehemu wa ukoo, na mwishoni kabisa akaongeza jina Ruth. Katibu wa parokia aliuliza ni wa tawi lipi la ukoo. Mama akamjibu ni wa Uingereza.

Nikampelekea habari hizo Bibi Taipureta wakati wa chai. Alifikiri kidogo, akaomba mkoba wake, akatoa pauni mbili, akaziweka kwenye kiganja changu na kukifunga. Sheria ya kazi hairuhusu nipokee hata peni moja kutoka kwa mzee. Nilimweleza. Akasema siyo zangu, ni za Padre, kisha akauliza Mallory yupo leo au ni yule mwingine.

Zimo kwenye bahasha katika droo ya ofisini, zimeandikiwa risiti.